Ufunguo wa Friza Uko Kibo

Friza yetu ni ile ya kulala, yenye kifuniko juu na kitasa mbele, na wiki ya kipaimara cha binti yetu wa kwanza ilikuwa imejaa kiasi kwamba kifuniko hakifungi mpaka ukikalie. Mbuzi mzima aliyekatwakatwa, perege wa Nyumba ya Mungu, maini ya Bibi ambayo haruhusiwi mtu kuyagusa. Juu ya maini hayo, ndani ya soksi ya shule, mume wangu aliweka betri za kamera.

Mume wangu hupiga picha za harusi hapa Moshi. Maadui zake ni jasho, umeme wa ukumbini na mashangazi wanaosimama mbele ya lenzi. Baridi hakuwahi kuishughulikia. Lakini safari hii alikuwa amepata wateja, mke na mume waliotaka kuadhimisha ndoa yao kwenye kilele cha Uhuru, juu ya Kibo, mita 5,895, naye awepo na kamera jua linapochomoza. Mwenzake mmoja alishapanda kwa kazi ya namna hiyo akashuka na picha nzuri sana za wapagazi na mabegi, maana betri zilimzimikia Gilman's Point, kabla hata ya kukiona kilele. Mume wangu akaapa kwamba hayatamkuta hayo. Yeye atafanya utafiti. Na utafiti, kwa sababu ambazo hakuna aliyeniuliza, ukafanyika jikoni kwangu.

Hesabu zake hazikuwa mbaya, nimpe haki yake. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, na kutoka hapa mjini hadi kileleni ni karibu mita 5,000. Usiku kule juu kufika nyuzi 10, hata 20, chini ya sifuri si habari ya kushangaza. Friza ya nyumbani hukaa kwenye 18 chini ya sifuri. "Kibo yangu ninayo hapa hapa," akasema, akagonga kifuniko.

Akachukua daftari la hesabu la mtoto, akapiga mistari: saa ya kuingia, saa ya kutoka, chaji. Betri ya kwanza iliingia ikiwa imejaa. Ilipotoka, akaipachika kwenye kamera, akapiga picha kadhaa za sufuria, kamera ikaonyesha alama nyekundu na kuzima. Akaitoa, akaiacha dirishani juani, akaenda kunywa chai. Aliporudi kuipachika tena, ilikuwa karibu kujaa.

"Imefufuka!" akapiga kelele.

"Nani?" Bibi, mama mkwe wangu, akatoka stoo na mwiko mkononi. Ni mzee wa kanisa. Neno hilo kwake halitumiki ovyo.

Ikabidi aelezwe. Betri ya litiamu haifi kwa baridi, inaduwaa. Ndani yake kuna chembe zenye chaji zinazosafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na baridi ikizidi kimiminika hicho kinakuwa kizito, mfano wa mafuta ya nazi asubuhi ya Julai. Chembe zinajikokota. Kamera inapodai umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaporomoka, na kwa kuwa kamera huangalia volti, inahitimisha kwamba betri imekwisha. Chaji yenyewe bado imo. Mume wangu alinogewa na somo akaendelea mpaka kwa akina Goodenough, Whittingham na Yoshino, waliopewa Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa ajili ya betri hizi, akiwataja kama wajomba zake wa Marangu. Bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wasomi hao wote watatu hawakujua kwamba kitu kinachopata baridi kinavalishwa nguo.

Tungemsikiliza wakati ule, tungeokoa kitasa.

Siku iliyofuata mtafiti aliona betri pekee hazitoshi, akaingiza kamera nzima. Akaitoa usiku, mtori ukichemka jikoni na madirisha yote yamefungwa. Kamera yenye baridi ikikutana na mvuke, mvuke unageuka maji juu yake, na kibaya zaidi ndani yake. Lenzi ikawa nyeupe, maji yakaanza kuchuruzika kwenye vitufe. Akaruka kwenda kwenye ndoo ya mchele. Nikasimama mbele ya ndoo. Kwanza, mchele haufyonzi unyevu kwa kiasi ambacho watu wanaamini, na unaacha vumbi la wanga kila tundu. Pili, ule ulikuwa wa pilau ya kipaimara. Dawa yake ni kuifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa kabla haijaingia ndani, unyevu utue juu ya mfuko, na kutoufungua mpaka kamera ipate joto la chumba. Hili aliliandika daftarini kwa kalamu nyekundu, kama aliyeligundua mwenyewe.

Kisha akataka kuokoa muda. Akatoa betri kwenye friza na kuipachika moja kwa moja kwenye chaja. Taa ya chaja ikapepesa, ikagoma. Akaipiga kofi. Chaja ilikuwa na akili kuliko mwenye nyumba: betri hizi zikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, litiamu hushindwa kuingia mahali pake, ikajipaka juu kama metali, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kuitumia ikiwa na baridi, sawa. Kuichaji, ingoje ipate joto.

Neno hilo "joto" ndilo Bibi alilolishika. Alfajiri nikamkuta amezizungushia betri zote kanga kuukuu na kuzilaza kando ya jiko la mkaa.

"Mama! Zitavimba!"

"Si mmesema zinaumwa na baridi?"

Nikazinyakua. Moto wa jiko ni balaa kwa betri hizi kuliko barafu. Baridi inaziduwaza, moto unaweza kuzilipua. Zinachotaka ni joto la mwili tu, basi. Bibi akanitazama, akaitazama kanga yake, akasema, "Ruwa wangu, si mngesema tangu juzi," akaingia chumbani kwake. Cherehani ikasikika mpaka mchana. Alitoka na fulana ya mwanawe iliyoshonewa vifuko vya flaneli ya pajama kuukuu, kwa ndani, chini ya makwapa na kifuani, kila kimoja na kifuniko chake na kifungo.

Mtafiti hakufurahi. Yeye alikwisha kununua soko la Memorial, kwenye mitumba, vipakiti vya kupasha mikono vilivyoachwa na watalii, vile unavyotikisa vikaanza kutoa joto. Nikamsomea nyuma ya pakiti: ndani ni unga wa chuma, na joto lake linatokana na chuma kushika kutu haraka. Kutu inataka oksijeni. Kileleni kanieneo ya hewa ni nusu hivi ya ile ya pwani. "Utavitikisa mpaka ushuke," nikamwambia. Akavipakia hata hivyo. Fulana akaivaa kwa sababu mama yake alisimama mlangoni mpaka aivae.

Akaondoka Jumatatu kwa njia ya Marangu. Maagizo nilimpa mimi: betri moja kwenye kamera, nyingine kifuani, zibadilishane, usiku zilale naye ndani ya mfuko wa kulalia, azime waifai ya kamera na ile tabia ya kuitazama kila picha baada ya kuipiga, simu nayo aizime, iingie kwenye fulana. Horombo, mita 3,720, kuna intaneti tangu Agosti 2022, na Jumatano ujumbe ukaingia: "Mwambie Mama fulana inawasha."

Alhamisi jioni Bibi alikwenda kutoa nyama ianze kuyeyuka. Friza imefungwa. Tukatafuta ufunguo kwenye kabati, kwenye kikombe cha sarafu, chini ya zulia, kwenye mifuko ya sare za shule. Mtoto wetu mdogo ndiye aliyekumbuka. Baba alikuwa ameifunga friza usiku wa Jumapili ili watoto wasichezee "majaribio", akautia ufunguo mfukoni. Mfuko upi? Wa jaketi. Jaketi liko wapi?

Sote tukageuka kuutazama mlima. Ulikuwa umejifunika mawingu.

Nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena saa mbili, saa nne, saa sita usiku, saa ambayo wao wanaanza kupanda kutoka kambi ya Kibo. Imezimwa. Hakuna aliyewahi kufuata maagizo yangu kwa ukamilifu kama ule.

Ijumaa asubuhi akaja fundi na tindo. Kitasa kilitoka na kipande cha bati la friza. Kifuniko kilipoinuliwa, fundi akainua soksi ya shule, akaitikisa, ikaanguka betri moja iliyoganda. Mume wangu alikuwa ameiacha iwe ya kulinganishia.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mwanangu," Bibi akasema. "Iko kwenye mtihani."

Nyama iliyeyuka kwa shida, kipaimara kilifanyika, pilau haikuwa na vumbi la kamera. Mume wangu alikuwa ameingia Jumamosi jioni, pua imebabuka, kamera kwenye mfuko wa nailoni, ufunguo umening'inia kidoleni. Hakuna aliyeupokea. Picha alizipata: wateja mbele ya ubao wa Uhuru, nyusi zimeingia barafu, jua nyuma yao. Vipakiti vya Memorial vilipoa kabla hata ya Gilman's Point. Betri moja aliiweka mfuko wa nje wa jaketi ili iwe karibu, pamoja na ufunguo, jambo la hatari lenyewe, maana chuma kikiunganisha vichwa viwili vya betri inaweza kuwaka. Haikuwaka, ila ilizimika kwenye mteremko wa mwisho. Akaiingiza kwapani, na aliporudi kuijaribu ilikubali. Simu za wateja zilizimika zote mbili, kwa hiyo walimtegemea yeye peke yake, na wakaongeza malipo.

Nyongeza hiyo niliichukua kwa ajili ya kitasa kipya.

Wapiga picha wenzake wameanza kuja kuagiza fulana. Bibi anataka nusu ya malipo mbele na kipimo cha kifua anachukua mwenyewe. Wa kwanza kuomba ashonewe na kafuko kamoja kwa nje alirudishiwa pesa yake.