Namna ya Kuzima Taa ya Ukumbini Bila ya Kuinuka Barazani

Mwongozo huu ni wa mwanamme wa Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, aliyekwisha kukamilika: ana nyumba ya mawe, mita ya umeme ya TUKUZA, simu janja, na mke anayesahau kuzima taa. Umeme ulipofika kijijini, yapata mwaka 1990, wazee walitosheka na swichi ya ukutani. Ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazimika. Mtoto wa chuoni aliiweza, bibi asiyejua kusoma aliiweza, hata mgeni aliyekuja kuposa aliiweza. Ubaya wake ulikuwa huo huo: kila aliyefika ukutani alikuwa na amri.

Ubaya huo sasa una dawa. Kwa bei ndogo tu unanunua soketi janja na swichi janja, unazifunga mwenyewe, na mamlaka yote ya nyumba yanahamia kwenye simu yako. Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: nunua kabla ya kusoma

Panda gari la mjini, shuka Darajani, zunguka madukani mpaka uone kisanduku kidogo cheupe. Kitakuwa kimeandikwa Sonoff, au Tuya, au jina ambalo muuzaji mwenyewe hajapata kulitamka. Ndani mna vitu viwili vya maana. Kimoja ni chipu ya waifai, mara nyingi ESP8266 au ndugu zake. Chipu hiyo ilitolewa na kampuni ya Espressif ya Shanghai mwaka 2014, na tangu hapo vifaa hivi vikashuka bei dunia nzima. Cha pili ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku badala ya kidole. Kwa hiyo umeondoka kwenye nyumba yenye swichi, ukalipa nauli, ukarudi na swichi. Nyumbani usilieleze namna hiyo.

Maandishi ya nyuma ya kisanduku yaache. Mengi yanasema ampea 10, na hesabu yake inavunja moyo: umeme wetu ni volti 230, ukizidisha kwa 10 unapata wati 2,300. Birika la umeme peke yake linaweza kula wati 2,000. Liunganishe na pasi kwenye waya mmoja wa kuongezea, kisha ukae usubiri harufu ya plastiki. Mara nyengine vyuma vya rilei huungua vikashikana, simu ikakwambia birika limezimwa nalo linatokota. Pampu ya maji nayo ifunge hapo hapo, ingawa mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wake wa kawaida.

Kifaa kikija na miguu miwili na soketi yako ni ya matundu matatu ya Kiingereza, tafuta kalamu uchokonoe tundu la juu kama walivyofanya jirani zako wote. Fyuzi ya ndani ya plagi na waya wa ardhi ni mambo yaliyobuniwa na watu waoga. Mwisho, kiweke kifaa karibu na dirisha linalotazama pwani. Upepo wa Uroa una chumvi, na chumvi huila shaba mpaka ikaota ukijani, lakini kifaa kitapata hewa safi.

Hatua ya pili: fungua ukuta

Ukitaka ya kisasa zaidi, achana na soketi, ng'oa swichi ya taa. Nyuma yake utakuta waya mbili, na karatasi ya maelezo inataka tatu. Katika nyumba nyingi, waya wa moto ndio unaoshuka kwenye swichi na kupanda tena, na nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa darini. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo. Swichi janja hailali, inasikiliza waifai usiku kucha, kwa hiyo lazima ipate nyutro yake. Hapa ndipo wanaume wengi hukumbuka kwamba wana binamu fundi umeme, tena ni saa nne ya usiku na ukumbi uko gizani.

Hatua ya tatu: mpigie simu mtu wa mbali

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Vifaa vingi vya bei ndogo vinayajua ya 2.4 tu, na kuta nene za mawe hazisaidii. Ukishafanikiwa kuviunganisha, keti barazani ubonyeze. Amri itaondoka mkononi mwako, ipite kwenye ruta, ivuke bahari kwa mkongo, iingie kwenye seva ya nchi za watu, ithibitishwe kwamba wewe ni wewe, irudi tena kwa mkongo, na ndipo izime taa iliyo nyuma ya kisogo chako.

Safari hii ina utamu wake mpaka bando liishe. Ina utamu zaidi mkongo wenyewe ukikatika, kama tarehe 12 Mei 2024 ilipopatikana hitilafu kwenye mikongo ya EASSy na SEACOM na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Swichi za ukutani hazikupata habari hiyo, ziliendelea na kazi.

Wapo wakaidi wasioipenda safari hiyo. Hao hufuta programu ya kiwandani wakaweka Tasmota, iliyoanzishwa na Mholanzi Theo Arends, au huviunganisha vifaa vyote na Home Assistant, programu aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, kwenye kompyuta ndogo iliyomo humo humo ndani. Amri zao hazitoki nje ya nyumba, na bando likiisha taa zao zinatii. Watu wa namna hii usikae nao, watakuharibia mwongozo.

Hatua ya nne: tegesha saa

Sasa tunataka taa ya nje iwake yenyewe jioni. Sisi twahesabu saa kumi na mbili jioni, kifaa kinahesabu 18:00. Watu wenye haraka huandika wanavyosema. Wanataka taa iwake saa moja usiku, wanaandika 1:00 ya jioni, na taa inawaka saa saba mchana.

Wengine wako makini, wanaandika 18:00 sawasawa, lakini hawakubadilisha saa ya kiwandani, na kifaa kinaamini kiko Beijing. Beijing iko mbele yetu kwa saa tano. Taa inawaka saa saba mchana vile vile. Kama umeiambia izimike 22:00, itazimika saa kumi na moja jioni, jua linapoanza kushuka. Utakuwa umeangaza mchana mzima na kuzima giza linapokaribia, kwa usahihi ambao mkono wa binadamu hauwezi kuufikia. Mwenye kuyafanya makosa yote mawili kwa pamoja, taa yake itawaka saa mbili asubuhi, iwapungie watoto wanaokwenda skuli.

Kuna njia fupi: programu nyingi zina chaguo la machweo, na sisi tulio karibu na Ikweta jua letu halihamihami sana mwaka mzima. Ukichagua hilo huna la kusahihisha, na mwenye nyumba asiyekuwa na la kusahihisha atashika nini mkononi?

Hatua ya tano: amrisha kwa sauti

Nunua na spika inayosikiliza. Alexa wa Amazon hakufundishwa Kiswahili, kwa hiyo bibi akitaka taa ya chooni aanze kwanza na masomo ya Kiingereza. Mvumilie.

Hatua ya sita: usiufikirie umeme kuzimika

Nyumba janja imejengwa juu ya imani kwamba umeme upo. Unguja tumeijaribu imani hiyo. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, tangu mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilizimika kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Disemba 2009 kikazimika tena, na mwanga ukarudi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani, ulikamilika mwaka 2013, na tangu hapo hali ni afadhali kuliko zile siku za majenereta kila upenyo.

Lakini umeme bado hukatika ukarudi, na unaporudi kila kifaa kinajiuliza: niwake, nizimike, au niwe kama nilivyokuwa? Jibu lake limo ndani ya programu, kwenye ukurasa usiofunguliwa na mtu. Usiufungue nawe. Usiku wa manane taa zote zitawaka pamoja, feni zitaanza kuvuma, na friji itastuliwa kabla kompresa haijapumzika zile dakika chache inazohitaji. Kuizuia friji isiharakishwe, kuna kidude cha kuilinda kinachouzwa madukani miaka yote, hakina waifai, hakina simu, kinajua kusubiri tu.

Hatua ya saba: kaa na simu yako

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyengine zote zilikuwa njia ya kufikia hapa.

Mwanaanthropolojia wa Norway, Tanja Winther, alikuja kuishi Uroa na kuandika juu ya umeme wa kijiji hiki. Kitabu chake kilitoka mwaka 2008 kwa jina la *The Impact of Electricity*. Alichokiona ni kwamba waya uliingia kijijini, ila vyombo vya umeme na maamuzi yake kwa sehemu kubwa vilikaa mikononi mwa wanaume, na chakula kikaendelea kupikwa kwa kuni. Hata hivyo mke alibakiwa na kitu kimoja: swichi ilikuwa ukutani, na mkono wake uliifikia. Soketi janja inakusaidia kukimaliza na hicho.

Ione siku ya bamvua. Mama watoto amekwenda kwenye mwani tangu maji yalipotoka. Kazi hii ya kulima mwani ilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, karibu sawa na umeme, na ratiba yake ni ya mwezi, si ya jua: maji makavu huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Programu yako inayajua machweo ya dunia nzima, maji ya Uroa haiyajui. Mama anarudi mchana amelowa mpaka kiunoni, anabonyeza feni, haiendi. Anabonyeza pampu aoge, haiendi. Wewe uko mjini, simu imekwisha chaji. Nyumba imekutii.

Hesabu ya mwisho

Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya umeme, si ndiyo? Soketi janja hula kidogo hata ikiwa imezima, kati ya nusu wati na wati moja. Chukua wati moja. Soketi kumi kwa mwaka mzima ni uniti 87.6. Balbu ya LED ya wati 9, ikisahauliwa inawaka usiku na mchana mwaka mzima, ni karibu uniti 79. Yaani mama watoto angeisahau taa ya ukumbini kuanzia Mfungo Mosi mpaka Mfungo Mosi, na bado angekuwa amekushinda kwa ubanaji.

Vifaa hivi vina mahali pake. Mwenye nyumba ya wageni atanufaika na kihisi cha mlangoni kinachozima kiyoyozi mgeni anapokwenda kuogelea na kuuacha mlango wazi, kwa sababu kiyoyozi ndicho kinachokula uniti. Taa ya nje inayofuata machweo ni jambo jema. Pampu na birika viachiwe fundi umeme na swichi inayostahili uzito wake, na tundu la ardhi liheshimiwe. Swichi ya ukutani isiondolewe.

Na kabla hujalipa, jiulize kama utampa mkeo neno la siri la programu. Ukiona uzito kumpa, basi tatizo lako halikuwa bili ya umeme.