Sifa za Uoni Hafifu katika Mchezo wa Pool

Uoni hafifu ndiyo nyenzo ya mchezo wa pool iliyodharauliwa kuliko zote, ingawa hainunuliwi, haiibiwi baa ikifungwa, na huongezeka kadiri mwenye nayo anavyozeeka. Fimbo hupinda, chaki huisha, kitambaa cha meza huchanika. Macho mabovu hudumu. Shirika la Afya Duniani limeyapangia hata ngazi. Anayeona chini ya 6/18, yaani anayelazimika kusogea karibu zaidi ya mita 6 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 18, huhesabiwa kuwa na upungufu wa kati. Chini ya 3/60 huhesabiwa kipofu. Baina ya vipimo hivyo viwili kuna uwanja mpana, na humo ndimo nyenzo hii hufanya kazi zake bora.

Aina kuu ni mbili. Asiyeona mbali huiona vizuri ncha ya fimbo, vumbi la chaki na vidole vyake mwenyewe vilivyotandazwa mezani. Mwenye upungufu wa dayopta mbili huona sawasawa mpaka nusu mita, umbali unaotosha kwa fimbo ila si kwa mchezo. Asiyeona karibu, ambaye mara nyingi amevuka miaka 40 na lenzi ya jicho lake imeanza kukakamaa, huiona mipira yote bila taabu. Kinachomfifia ni ncha ya fimbo na, baadaye, karatasi ya bili. Wakipangwa timu moja, mmoja huona pigo linapoanzia na mwenzake huona linapoishia. Mwenye mtoto wa jicho huongezewa duara la mwanga kuizunguka taa iliyoning'inia juu ya meza, pambo ambalo wengine hawalipati hata wakilipia.

Wapinzani wa uoni hafifu hukimbilia hesabu, na hesabu yenyewe inafaa kutazamwa. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57, na shimo la kona lina upana wa karibu mara mbili ya huo. Mpira ulio mita moja kutoka kwenye shimo la sentimita 12 unaweza kupotoka digrii 1.8 hivi kila upande na bado ukazama. Uhuru huo ukipimwa pale mpira mweupe unapougusa mwenzake, unabaki milimita 1.8 tu. Jicho la 6/6, likiwa mita 2, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa milimita 0.6, jicho la 6/18 huhitaji milimita 1.75. Mpaka wa ugonjwa na mpaka wa kukosa shimo vimekutana mahali pamoja, na mtu anaweza kushuku kwamba waliokaa kupanga vipimo vya macho walikuwa na meza ya pool chumba cha pili.

Lakini hiyo ni hesabu ya kutenganisha vitu, wala si ya kulenga. Ukungu wa jicho huutandaza mpira pande zote kwa usawa: ukingo hupotea, kitovu hubaki palepale. Wenye macho makali hupenda kulenga kwa mafungu. Kitovu cha mweupe kikielekezwa kwenye ukingo wa mpira unaopigwa, mpira huo huondoka kwa pembe ya digrii 30. Ukifunikwa robo tatu, digrii 14 na nusu. Ukifunikwa robo, karibu digrii 49. Ni njia safi, ila inamtaka mtu aone ukingo. Asiyeuona ameachiwa njia nyingine, ambayo walimu wa mchezo huifundisha hata kwa wenye macho mazima: kufikiria mpira usiokuwepo, uliogusana na ule unaopigwa upande unaolipa shimo kisogo, kisha kuupeleka mweupe ukakae mahali pake. Hapo macho hayamsaidii yeyote, kwa sababu kinacholengwa hakipo. Aliyeishi miaka mingi akikisia nyuso za watu barabarani na kusalimia nguzo za umeme kwa heshima zote ameanza mafunzo hayo mapema. Na anayeuona kila mpira kuwa miwili, iwe kwa maumbile au kwa chupa ya nne, amekwishawekewa ule wa pili bure. Kazi yake ni kuchagua.

Mazingira ya Afrika Mashariki nayo yameitendea haki nyenzo hii. Meza nyingi za baa za Tanzania na Kenya hukaa chini ya paa la bati, ubavu mmoja wazi, miguu ikiwa imewekewa vipande vya mbao. Mwenye macho makali hulenga mstari ulionyooka, na mezani hapo mstari ulionyooka haupo: mpira ukisukumwa taratibu huanza vizuri, hukaribia shimo, kisha hukumbuka kwamba mguu mmoja wa meza ni mfupi, ukateremkia ukingoni. Mwenye uoni hafifu hukosea tangu mwanzo, na mara kadhaa kosa lake na la meza hufutana. Mwenye macho makali hana njia ya kuingia katika ushirikiano huo.

Serikali pia imechangia, pengine bila kukusudia. Nchini Tanzania, viongozi wa mikoa na wilaya wamepiga marufuku mara kwa mara kucheza pool saa za kazi, wakiwalenga vijana wanaoamkia mezani. Mahali agizo linapofuatwa, mchezo huhamia usiku, chini ya balbu moja inayotembelewa na kumbikumbi. Saa hizo kila mtu huona vibaya, na ni kundi moja tu lililokuja likiwa na mazoezi.

Nasaba ya uoni hafifu hutafutwa kwenye snuka, ndugu ya pool mwenye meza kubwa na mipira midogo zaidi, ambako ungetarajiwa kushindwa mapema. Joe Davis wa Uingereza alitwaa ubingwa wa dunia mara 15, kuanzia mashindano ya kwanza ya mwaka 1927 hadi 1946, bila kuupoteza. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, akawa anaipitisha fimbo chini ya jicho la kushoto. Wanaohangaika kujua jicho lao tawala ni lipi, wakifumba moja na kunyoosha kidole gumba mbele ya mlango, wataona jinsi Davis alivyoepushwa na adha hiyo: hakuwa na la kuchagua. Mdogo wake, Fred, alishindwa mwaka 1937 na mpinzani ambaye hakutarajiwa, macho yakiwa yameanza kumsaliti. Alitengenezewa miwani yenye lenzi zinazoinama, akawa bingwa wa dunia mara 8, na mwaka 1978, akiwa na miaka 64, alikuwa bado anacheza nusu fainali.

Miwani ya kawaida humkwaza mchezaji. Anapoinama hadi kidevu kikaribie fimbo, macho hutazama kupitia ukingo wa juu, na fremu huikata meza vipande viwili. Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini alilitatua jambo hili kwa lenzi kubwa zilizopanda juu ya nyusi, kiasi kwamba alionekana ameivaa miwani kichwa chini. Aliingia nayo fainali ya dunia ya mwaka 1985 katika ukumbi wa Crucible, Sheffield, akaachwa na Steve Davis kwa 8–0, na katika mechi nzima hakuwahi kuongoza mpaka mpira wa mwisho. Davis, asiye na miwani, aliukosa mweusi. Taylor akautumbukiza na kushinda 18–17, usiku wa manane umeshapita, huku watu milioni 18.5 wakiangalia kwenye runinga. Miwani ile ilichekwa sana kabla ya usiku huo.

Faida za kijamii si haba. Mwenye macho mazima akikosa, amekosa. Mwenye uoni hafifu akikosa huvua miwani, huipulizia pumzi, huifuta kwa pindo la shati, huiinua kwenye taa na kuikagua, na kabla hajairudisha puani hukumu imeshalegea. Akiingiza, sifa humjia mara mbili. Tena, mwenye macho haambiwi tazama. Asiye nayo huambiwa na baa nzima. Kushoto kidogo. Rudi. Hapohapo. Punguza nguvu. Ushauri huo hautozwi kitu, na baadhi ya wanaoutoa wameweka dau upande wa pili.

Imebaki kasoro moja, ya rangi. Katika seti ya kawaida mpira namba 4 ni wa zambarau, namba 7 ni wa damu ya mzee, na namba 8 ni mweusi. Chini ya balbu ya wati chache, kwa jicho lililofifia, yote mitatu ni myeusi. Mchezaji huzunguka meza, huinama, hulenga kwa utulivu mkubwa na kuutumbukiza ule wa nane akiwa bado na mipira minne ya kwake mezani, pigo ambalo kwa kanuni humaliza mchezo papo hapo dhidi yake. Hata hilo lina upande mzuri, hasa Ijumaa, foleni ikiwa ndefu na sarafu za wanaosubiri zimepangwa ukingoni mwa meza. Mchezo ambao ungekula nusu saa huisha kwa dakika sita, mwenye meza hupata sarafu nyingine, na aliyeshindwa hukabidhi fimbo akiuliza ni nani aliyehamisha zambarau.