Mtoto wa Tanga Kusomea Uganga Marekani

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijalipa ada: nilimweleza mama.

Ilikuwa Jumapili. Huku Minnesota theluji imefika usawa wa dirisha, kule Ngamiani mama anajipepea kwa kipande cha boksi na kuisogeza simu ili nione jasho lake vizuri. Nikamwambia nimepata nafasi chuo kikuu, shahada ya uzamili. Akapiga kigelegele kimoja, cha nusu, halafu akauliza, "Unasomea nini?"

"Unesi, mama."

"Si ulishamaliza unesi?"

Nilishamaliza kweli. Nina miaka 14 kazini, zamu ya usiku, wodi ya wagonjwa wa moyo, na kabla ya hapo niliogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, kama wengi wetu tulivyoanzia maisha ya huku. Ikabidi nimfafanulie kwamba Marekani kuna cheo cha katikati. Nesi akiongeza masomo na kufaulu mtihani wake, anampima mgonjwa mwenyewe, anaagiza vipimo, anataja ugonjwa, anaandika dawa. Nikamsimulia na historia: mwaka 1965, jimbo la Colorado, nesi aitwaye Loretta Ford na daktari wa watoto, Henry Silver, waliona vijijini watoto wanaumwa na madaktari hakuna, wakaanzisha mafunzo ya kumwongezea nesi ujuzi. Bibi Ford mwenyewe kafariki Januari 2025 akiwa na miaka 104.

"Mia na nne?" Mama aliacha kujipepea. "Basi dawa zake zilikuwa za kweli. Haya, huyu mtu anapima, anaandika dawa, ila si daktari?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa unazunguka nini? Huyo si bwana mganga!"

Na hakukosea. Enzi zake, yule aliyekaa zahanati ya kijiji, akapima homa na kutoa dawa bila kuwa daktari kamili, aliitwa bwana mganga. Serikali yenyewe mpaka leo ina Mganga Mkuu wa Mkoa, mtu mwenye digrii yake na gari lake. Shida ni kwamba neno hilo limepangisha wapangaji wawili, na yule wa pili, mwenye hirizi na chetezo, ndiye anayejulikana zaidi mtaani. Kufika Jumatano kikao kizima cha vikoba kilikuwa na habari kwamba yule binti aliyeko Marekani anasomea uganga.

Hebu fikiria aibu yake. Mtu atoke Tanga, mji ambao Watanzania wengine wakiutaja kwenye habari za mapenzi na madawa hushusha sauti, apande ndege mbili kwenda kwenye theluji kusomea uganga! Ni sawa na Mpemba kwenda Norway kujifunza kuchuma karafuu. Jirani mmoja alimuuliza mama kwa huruma kabisa, "Kwani huku walimu wamekwisha?"

Waliomwelewa mama vizuri nao hawakuniacha. Simu yangu ilianza kupokea miguu. Mguu wa shangazi ukiwa umevimba, mguu huohuo ukiwa umeshuka, kidole cha binamu kilichokanyagwa na bodaboda, upele wa mtoto wa mtu nisiyemfahamu, video ya dakika nne ya mzee anayekohoa. Kumbuka mguu wa shangazi, tutaurudia.

Masomo yakaanza Agosti, kwa intaneti. Chuo chenyewe kiko jimbo la mashariki ambalo sitalitaja, mimi niko nyumbani na kompyuta juu ya meza ya kulia chakula, kati ya chupa ya chai na kikapu cha nguo ambazo hazijakunjwa tangu wiki ya kwanza. Kazi ya kwanza ilitakiwa iwasilishwe kabla ya saa sita ya usiku. Mwisho kabisa ni dakika moja kabla. Ili mume wangu naye ajue siku hiyo hakuna kunisemesha, niliandika kwenye kalenda ya jikoni kwa lugha ya nyumbani: *saa 5:59*. Nikaenda kazini, nikarudi asubuhi, nikalala. Nilipoamka jioni, macho bado yana mchanga, nikaona 5:59 kwenye kalenda na 5:41 kwenye jiko la umeme, ambalo ni la Kimarekani na halijui saa za Kiswahili.

Nikaituma kazi ilivyo. Ilikuwa na kurasa sita, na katikati ya ukurasa wa nne palikuwa na maneno niliyojiwekea kama ukumbusho: HAPA ONGEZA MANENO YA MAANA. Profesa alirudisha baada ya siku tatu. Mstari ule kaupigia duara jekundu, na pembeni kaandika: "Hii ni nukuu ya nani? Taja chanzo."

Kazi ya pili niliapa sitakurupuka. Niliipigia pasi, nikahesabu saa mara mbili kwa vidole, nikabonyeza kutuma zikiwa zimebaki dakika 20 nzima. Kumbe saa ni za chuo, na kule mashariki walishatutangulia kwa saa moja, wamelala. Wiki hiyo ndiyo tuliyokuwa tunafundishwa takwimu, kwa hiyo nilimwandikia profesa kwa adabu: kazi moja niliwahi kwa saa tano, nyingine nimechelewa kwa dakika 40, ukichukua wastani mimi ni mwanafunzi anayewahi. Alinijibu kwamba hesabu iko sahihi, na akakata asilimia kumi.

Mtihani wa kwanza ulikuwa na msimamizi wa mbali. Hujawahi kumuona, lakini yeye anakuona kwa kamera na anakuandikia ujumbe kwenye kona ya kioo. Onyesha kitambulisho. Vua hereni. Pandisha mikono ya blauzi. Zungusha kamera chumba kizima, polepole, chini ya meza pia. Nikazungusha. Ukatokea ujumbe: "Tafadhali ondoa maandishi yaliyo ukutani."

Ukutani hapakuwa na maandishi. Palikuwa na kanga. Anayefanya kazi usiku hulala mchana, na dirisha langu nimeliziba kwa kanga ya marehemu bibi, nyekundu na nyeusi, korosho kwenye pembe, na chini kabisa jina lake kwa herufi kubwa: HASIDI HANA SABABU.

Nikaandika kwamba hilo ni pazia. Akauliza linasema nini. Sasa wewe jaribu kumtafsiria hilo kijana asiyekujua ambaye ndiyo kwanza kakuvulisha hereni. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha wodini: mtu mwenye wivu hahitaji sababu. Pakawa kimya. Vile vidoti vitatu vya mtu anayeandika vikaja, vikaondoka, vikaja tena. "Naomba uligeuze."

Nikaligeuza. Lakini kanga si karatasi, maandishi yake hupenya. Upande wa pili maneno yalikuwepo yaleyale, ila yamekaa kinyume kama mafumbo ya mpelelezi, na hapo ndipo msimamizi alipomwita msimamizi wake. Nikaishusha kabisa. Jua likaingia kwa fujo, mimi nikageuka kivuli cheusi, nikaandikiwa kwamba uso wangu hauonekani. Mtihani niliopangiwa saa tatu asubuhi niliuanza saa nne kasoro, nyuma yangu shuka la mwanangu lenye picha za Spider-Man, ambalo kwa bahati halisemi kitu.

Swali la kwanza lilikuwa la mgonjwa wa presha ambaye dawa yake imemletea kikohozi. Ufanye nini? Nilijua mara moja. Miaka 14 jibu ni lilelile, limenilisha na kunilipia nyumba: mjulishe daktari. Nikashuka kwenye majibu kulitafuta. Halipo. Swali la pili, mgonjwa kazidiwa, jibu langu halipo. Kufika la tano ndipo damu iliponisisimka: daktari wa kumjulisha hayupo humu ndani. Anayepigiwa simu usiku wa manane, anayeamshwa na kununa, ndiye mimi. Nilikaa dakika nzima nikiitazama kamera, na nina hakika yule kijana aliandika mahali kwamba mtahiniwa anaonekana kutafuta msaada. Alikuwa sahihi.

Halafu ikaja video. Somo la upimaji linataka umpime mtu mzima mzima, unyweleni hadi unyayoni, kwa nusu saa bila kukata, huku ukisema unachokifanya. Kabla ya kumgusa, unamuuliza kuhusu tatizo lake maswali manane: limeanza lini, liko wapi, linadumu kiasi gani, likoje, nini kinalizidisha, nini kinalipunguza, huja nyakati zipi, na kwa kipimo cha sifuri hadi kumi ni ngapi. Mimi huyakumbuka saba. Lile ninalolisahau hubadilika kila siku.

Mgonjwa alikuwa mume wangu, aliyekubali kwa sharti kwamba ale kwanza. Mpiga picha binti yetu wa miaka 11. Neva ya kwanza ya kichwa hupimwa kwa harufu. Nikamfumba macho, nikamsogezea iliki puani.

"Unasikia harufu ya nini?"

"Pilau."

"Nusa tena, baba watoto, taja kitu kimoja."

"Pilau ya kwa dada yako, ile ya Idi."

Nikaendelea. Nikamgonga goti kwa kinyundo cha raba, mguu ukaruka ukapiga sinia ya chai, dalili njema ya uti wa mgongo na mbaya ya zulia. Nikaweka stethoskopu kifuani, nikasikiliza pale, nikasogeza, nikasikiliza tena. Kwenye ubavu wa tatu kushoto palikuwa na mngurumo. Mrefu, unapanda na kushuka. Miaka 14 nimesikiliza mioyo ya watu wengine usiku kucha, sasa huu wa nyumbani! Vidole vikanipoa. Nikamwambia avute pumzi, mngurumo ukaongezeka. Nikamuuliza kwa sauti isiyokuwa yangu kama ana maumivu popote.

"Makande," akasema. "Maharage hayakuiva."

Nikafika hadi nyayo. Dakika 29! Nikamkumbatia mgonjwa, jambo ambalo halimo kwenye mwongozo. Binti yetu akaiangalia simu, akaniangalia mimi. Ilikuwa imeacha kurekodi dakika ya tisa. Nafasi imejaa. Mguu wa shangazi, uliovimba na ulioshuka, pamoja na picha 200 na zaidi za maua ya Ijumaa Mubarak, ulikuwa umekalia kumbukumbu yote. Mgonjwa alikubali kupimwa upya kesho yake, kwa pilau.

Wiki iliyopita, saa nane usiku, niko kazini kwenye mapumziko na kitabu kimefunguka mbele ya sambusa, simu ikaita kutoka nyumbani. Sauti ya mama wa makamo, mpole, kapewa namba kwenye vikoba. Akaniamkia kwa heshima zote, akaniita mganga. Mume wake kaenda Muscat mwaka wa pili huu, harudi.

Nilitaka kumkatiza nimweleze. Lakini usingizi na ada vikishakuingia mwilini, mdomo hujiendea wenyewe. Nikajisikia nauliza, "Tatizo limeanza lini?"

"Tangu mfungo wa mwaka juzi."

"Liko wapi?"

"Si nimekwambia, Muscat."

"Linadumu kiasi gani?"

"Halijawahi kukatika."

"Likoje?"

"Linachoma. Hapa, chini ya titi."

"Nini kinalizidisha?"

"Mama mkwe."

"Na nini kinalipunguza?"

Akafikiri. "Akituma hela."

"Huja nyakati gani?"

"Usiku, nikisikia honi ya gari."

"Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi?"

"Kumi na mbili."

Yote manane. Bila kuchungulia kitabu, bila kuruka hata moja, na kamera ya profesa haipo! Upande wa pili nilimsikia akishusha pumzi ndefu.

"Mganga, nimezunguka kwa wengi, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Sasa kuku nilete wa rangi gani?"

Nikamwambia kuku bado hatujafika, tuko sura ya nne.