Jinsi ya Kushinda Ubishi wa Pepa la Nani Lilikuwa Gumu

Ubishi huu huanza pilau ikiisha kwenye sinia, watu wamenyoosha miguu mkekani, na mtu mmoja akamuuliza mtoto wa kidato cha pili, "Mitihani lini?" Mtoto akijibu, "Novemba, na ni migumu," amekwisha washa moto. Kila mwenye cheti atataka kuthibitisha kwamba mgumu hasa ulikuwa wake. Fuata hatua hizi, utaondoka na ushindi na pengine na paja la kuku.

Hatua ya 1: Mtoe mapema mtu wa kidato cha pili. Huyu ndiye mwepesi kuangushwa. Mkumbushe kwamba Baraza la Mitihani lenyewe haliuiti mtihani. Linauita Upimaji wa Kitaifa, kama wa malaria: unatobolewa kidole, unasubiri majibu. Usimpe nafasi ya kueleza kwamba alisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaambiwa karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe, sasa ni kwa Kiingereza. Usanisinuru aliouzoea shule ya msingi aliukuta sekondari umevaa suti na tai, akapishana nao bila kuutambua. Hoja hiyo ni nzito. Kwa hiyo mtume dukani sukari kabla hajaifikia.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kinachokubeba. Kama ulifika kidato cha sita, piga hesabu ya madaraja. Alama 34 kidato cha nne ni D, mtu anafaulu na soda ananunuliwa. Alama hizo hizo kidato cha sita ni F. A ya kidato cha nne inaanzia 75, ya kidato cha sita 80. Nyamaza hapo, waache watafune.

Kama uliishia kidato cha nne, usiguse madaraja kabisa. Hesabu masomo: "Ninyi divisheni yenu inatafutwa kwa masomo matatu, sisi saba. Nani alibeba mzigo?" Wakijitetea kwamba walikuwa na GS (General Studies) pia, cheka tu. Hakuna aliyewahi kushinda ubishi kwa kutaja GS.

Hatua ya 3: Jiandae kwa hoja ya ufaulu. Wa kidato cha nne atasema, "Lakini ninyi wa sita mnafaulu karibu wote!" Usibabaike. Mwambie hao walikwisha chekechwa: bila angalau C tatu, kidato cha tano mtu anakisikia kwa wenzake. Unga ukichekechwa mara mbili, usishangae wa mwisho kuwa laini. Jibu hili ni tamu, ila lina makali kotekote. Mpinzani akiwa na akili atakugeuzia: chekeche la kwanza ndilo linalokutana na pumba zote, basi kazi ngumu ilifanyika wapi? Akifika hapo, kohoa, omba maji, nenda hatua ya nne.

Hatua ya 4: Uliza mwaka. Hapa ndipo wengi huanguka. Akitokea mtu aliyefanya kidato cha nne mwaka 2012, salimu amri. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi nzima ikashika kichwa, Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mtu aliyepewa matokeo mawili kwa mtihani mmoja habishiwi; anapewa kiti.

Wa mwaka 2014 naye msogelee kwa tahadhari. Matokeo yake yalitoka kwa GPA badala ya divisheni, na mtindo huo ukaachwa muda si mrefu. Ukimuuliza alipata ngapi atakueleza kwa nusu saa, na ukimaliza kumsikiliza utakuwa umesahau mlikuwa mnabishania nini.

Hatua ya 5: Bibi asiwe mwamuzi. Haya yalinikuta mwenyewe Muheza. Binamu yangu alikuwa na divisheni one ya pointi 7, ambayo haina ya juu yake. Mimi nilikuwa na four ya pointi 26. Bibi akatutazama kwa zamu, akauliza, "Huyu saba, huyu ishirini na sita?" Akanipa mimi jogoo. Binamu alijaribu kufafanua kwamba pointi zikiwa chache ndiyo sifa. Bibi akamwambia aache wivu, mwakani naye atajitahidi.

Hatua ya 6: Kama yote yameshindikana, tupa kombi, yaani mchanganyiko wa masomo uliosoma kidato cha tano na sita. Ukitaja PCM au PCB, eleza maabara: unadondosha asidi kwenye chupa, jicho halipepesi, tone moja la ziada na rangi imepitiliza, unaanza upya huku msimamizi akitazama saa. Mimi nilirudia mtihani wa kidato cha nne nikapanda na HGL, sina maabara. Mimi huonyesha kidole cha kati cha mkono wa kuume, chenye sugu ya kalamu tangu insha za historia. Sugu haina pingamizi.

Tahadhari. Ukishashinda, ondoka. Idi iliyopita nilishinda nikabaki, na hilo ndilo kosa. Yule mtoto wa kidato cha pili alirudi na sukari, akafungua kaunta buku lake mbele yetu.

"Mjomba, hapa wanasema tubadilishe 0.363636 isiyoisha iwe sehemu."

Nikalitazama swali. Nikamsogezea binamu, wa pointi 7, naye akakumbuka kuna simu ya kupiga. Shangazi yangu, mtahiniwa wa 2012, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha heshima akichunguza dari. Mtoto alisubiri kidogo, akachukua kalamu. Akazidisha kwa 100, akatoa ile ya mwanzo, akabaki na 36 juu ya 99. Akarahisisha: 4 juu ya 11. Akapiga mstari chini kwa rula.

"Aah," akasema kwa adabu, akifunga kaunta buku. "Kumbe mlikuwa mnanipima tu."

Tukamwambia ndiyo.