Jinsi ya Kuingia Mwezini: Maelekezo kwa Mamalia wa Njia ya Ujiji

Tangazo hili linawahusu mamalia wote wanaoishi kandokando ya njia ya zamani ya misafara, kuanzia Bagamoyo, kupitia Mpwapwa, Ugogo, Mgunda Mkali, Tura, Tabora na Uvinza, hadi Ujiji. Baadhi yenu mmekuwa mkiulizia utaratibu wa kupata hedhi. Kwa nini mnaitaka, mnajua wenyewe. Kazi yetu ni kupokea maombi. Mfahamu tu kwamba nafasi ni chache. Dunia ina aina zaidi ya 6,000 za mamalia, na waliokubaliwa mpaka sasa hawafiki asilimia mbili. Binadamu ni mmoja wao, naye hakuomba.

Maombi yatasikilizwa Tabora, chini ya miembe, kwa sababu hapo ndipo misafara ilipokuwa ikitua: mizigo inafunguliwa, wapagazi wanalipwa, njia zinaachana, moja inashika Ujiji na nyingine inapanda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, mji ukiitwa Kazeh, wakaulizia maziwa makuu. Ninyi mmekuja na swali gumu zaidi.

Kwanza, wafuatao wasijisumbue kupanga foleni.

Mbwa. Tunajua utasema kwamba damu unatoa na mtaa mzima unaona. Damu yako hutoka kabla yai halijashuka, homoni ya estrojeni inapopanda, na maana yake ni kwamba madume waanze kujiandaa. Hedhi hutoka wakati yai limeshashuka, mimba haikutunga, na homoni ya projesteroni imeanguka. Yako ni ya kufungulia shughuli, hii tunayoizungumzia ni ya kuifunga. Uondoke kwa amani, na usimng'ate mlinzi.

Ng'ombe wa Nzega na Igunga. Mmeleta ushahidi wa damu kidogo mkiani, siku moja mbili baada ya joto. Umepokelewa, umegongwa muhuri, umerudishwa. Mfugaji mzoefu anaijua damu hiyo: joto limeshapita, na kama dume hakuletwa, asubiri joto lijalo.

Tembo wa Ugalla. Shikamoo, mama. Mimba yako ya miezi 22 inaheshimiwa na kila mtu hapa ofisini, lakini hedhi huna. Tafadhali usiondoke bado, kuna ndugu yako mmoja tutamtaja mbele.

Pili, barua za utambulisho. Waombaji wengi huja na barua za wasomi, na ofisi imezisoma. Pliny wa Roma, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba mwanamke aliye mwezini huchachusha divai na kukausha mimea. Anayedhani hayo yaliisha na Warumi amsome Béla Schick wa Vienna, daktari mkubwa kweli, ambaye kipimo chake cha dondakoo kilitumika duniani kote. Mwaka 1920 aliandika kwamba maua yalinyauka mkononi mwa mtumishi wake wa kike aliyekuwa mwezini, akahitimisha kuwa mwili wa mwanamke siku hizo hutoa sumu. Ofisi ingependa kujua kama maua hayo yalitiwa maji.

Barua iliyotutia majaribuni ni ya Margie Profet wa Marekani, ya mwaka 1993. Alisema hedhi ni kuosha: mbegu za kiume huingia na vijidudu, na damu huja kuvitoa. Tulitamani kuipitisha siku hiyohiyo, maana baada ya miaka elfu mbili aliyeambiwa mchafu alikuwa mwanaume. Lakini mwanaanthropolojia Beverly Strassmann aliikagua mwaka 1996 na hoja ikaanza kuvuja. Vijidudu havionekani kupungua baada ya hedhi. Damu ina madini ya chuma, ambayo bakteria wengi huyafurahia. Na mwanamke anayezaa na kunyonyesha miaka yote ya ujana wake haoni hedhi mara nyingi, wakati mume haachi kuja. Kama ni kuosha, basi kunaoshwa siku ambayo si ya kufua. Strassmann naye alileta hesabu yake: kuuweka utando wa mji wa mimba tayari muda wote ni gharama, nafuu uporomoke kisha ujengwe upya. Hesabu ni nzuri. Ila inaeleza kwa nini utando unaondolewa. Haielezi kwa nini ulijengwa namna hiyo tangu mwanzo, mgeni akiwa hajabisha hodi.

Sasa tuingie kwenye masharti yenyewe. Sharti la kwanza: mwombaji awe na mtoto asiye na adabu.

Ndama, akiwa bado kiinitete, anakaa upande wake wa ukuta. Kondo linashikamana na ukuta wa mji wa mimba mahali mahali, chakula kinapita, na damu ya mama haimgusi. Ni msafara uliopiga kambi nje ya kijiji, ukabadilishana nguo na nafaka langoni. Mtoto wa binadamu hana subira hiyo. Siku kama saba tangu yai lirutubishwe, anautoboa ukuta, anazama mpaka unamfunika, kisha anatuma seli zake zitafute mishipa ya damu ya mama. Zikiifikia, zinaing'oa misuli ili mama asiweze tena kuibana. Miezi ya mwisho ikifika, mji wa mimba unapitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Na huyu mgeni anatoa amri pia: anamwaga homoni zake kwenye damu ya mama, ikiwemo ile inayosomwa na kipimo cha mkojo cha duka la dawa, na ujumbe wake ni mfupi: hedhi ya mwezi huu isije.

Mtaniambia kwamba mama na mtoto ni kitu kimoja. Mwanabiolojia David Haig alilikataa hilo mwaka 1993 bila kuremba. Nusu ya jeni za mtoto ni za baba, na baba hana uhakika kwamba watoto wengine wa mama huyu watakuwa wake. Kwa hiyo mtoto ana kila sababu ya kuvuta zaidi, na mama ana kila sababu ya kubakiza nguvu kwa ajili ya huyu atakapozaliwa na wale watakaofuata. Wagogo wa karne ya 19 wasingehitaji kufundishwa hili. Msafara uliotaka maji ya Ugogo ulilipa hongo kwanza, ushuru wa njia, kwa nguo na shanga na waya, ukazungumza baadaye.

Sharti la pili: boma lijengwe kabla vumbi halijaonekana.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hapa ndipo siri yote ilipo. Panya wa nyumbani ana mtoto mchimbaji kama wetu, lakini hungoja. Kiinitete kinapogusa ukuta, ndipo seli za ukuta zinapogeuka kuwa za ulinzi: zinanenepa, zinasongamana, zinamwekea mgeni mpaka wa kuchimba. Kwa binadamu seli hizo hugeuka zenyewe kila mwezi baada ya yai kushuka, kwa amri ya projesteroni ya mama mwenyewe, mgeni awepo asiwepo. Watafiti Deena Emera, Roberto Romero na Günter Wagner walipendekeza mwaka 2012 kwamba zamani amri hiyo ilikuwa ya mtoto, kisha mama akaichukua mikononi mwake. Ukikaa Tabora utaelewa haraka. Enzi za mtemi Mirambo, kijiji cha Unyamwezi kilizungushiwa magogo na minyaa wakati watu wakipalilia kwa utulivu. Kilichongoja vumbi la adui ndipo kikate miti hakikumaliza. Mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji, na Stanley, pamoja na bunduki zake na bendera ya Marekani, akalazimika kuzungukia kusini ndipo amfikie Livingstone. Mwenye lango ndiye anayepanga nani apite na lini.

Kuna gharama, na ndiyo mliyoijia. Seli hizo zikishageuka hazirudi zilivyokuwa. Mgeni asipofika, projesteroni inaanguka, mishipa inajibana, utando unakosa damu na kubomoka. Sehemu yake mwili unaifyonza tena, iliyobaki inatoka, na damu yenyewe kwa kawaida haizidi vijiko vya chakula viwili au vitatu, ingawa kuna wanaotoa nyingi zaidi na hao wamwone daktari. Hiyo ndiyo hedhi: boma lililojengwa, mgeni hakuja, likaangushwa. Wasomi bado wanabishana, lakini msimamo wa ofisi hii ni kwamba hedhi yenyewe haikuwahi kupewa kazi. Kazi ilikuwa ya boma.

Anayetaka ushahidi aangalie mahali ambapo boma halipo, na hapa ofisi inaweka mzaha pembeni. Mrija wa uzazi hauna utando wa namna hiyo. Mimba ikitunga huko, kiinitete kinachimba bila kizuizi hadi mrija unapasuka, na mama anavuja damu ndani kwa ndani. Hospitali ikiwa mbali, anakufa. Kovu la upasuaji wa kujifungua nalo hukosa utando kamili. Mimba inayofuata ikijishikiza hapo, kondo linaweza kuzama kwenye misuli na kukataa kutoka, mpaka wakati mwingine mji wa mimba wote uondolewe. Upande wa pili nao una hatari yake: seli za mtoto zikishindwa kuifungua mishipa ya mama ipasavyo, mara nyingi hapo ndipo kinapoanzia kifafa cha mimba. Mvutano wa langoni ni wa kufa na kupona, na mama anaufanyia maandalizi kila mwezi bila kuulizwa.

Boma lina faida nyingine ambayo waombaji huisahau. Viinitete vya binadamu vingi vina kasoro za kromosomu, na majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba seli zilizokwisha kugeuka huvitambua vibovu na kuvinyima msaada. Mzigo ulioharibika unakaguliwa mlangoni na kuondoka pamoja na boma. Mama anasema tu kwamba mwezi huu amechelewa siku mbili tatu.

Waliokubaliwa ni hawa. Mama Tembo, sogea: yupo sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayekimbia majanini, ambaye watu humwita panya. Ukoo wake uko kwako, si kwa panya. C. J. van der Horst wa Johannesburg alimchunguza sange wa miambani wa kusini mwa Afrika katika miaka ya 1940 na kuthibitisha hedhi yake. Wapo popo wachache, hasa wa Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani. Yupo panya wa miiba wa Cairo, aliyethibitishwa mwaka 2017 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia; mzunguko wake ni siku 9 na hedhi ni siku 3, kwa hiyo anayelalamika kwamba mwezi unarudi haraka amfikirie huyo. Wapo nyani wa miombo yetu. Na wapo sokwe, wa Ugalla na wale wa mwisho wa njia: Gombe, alikoshukia Jane Goodall Julai 1960, na Mahale, alikoanza kazi Toshisada Nishida mwaka 1965. Koo hizi hazikurithishana jambo hili. Sange, popo, panya wa miiba na sisi, kila mmoja alilifikia kwa njia yake, na wote tumekutana kwenye boma lilelile linalojengwa mapema.

Swali la mwisho huwa ni la idadi. Sokwe jike wa Gombe huzaa kila baada ya miaka mitano au sita, na muda mwingi ana mimba au ananyonyesha. Hedhi kwake ni ya nadra. Strassmann aliishi na Wadogon wa Mali, ambako wanawake walikuwa wakilala kwenye kibanda maalumu siku hizo. Akahesabu waliolala humo, akapima homoni kwenye mkojo ili asidanganywe, akapata hedhi kama 100 kwa maisha ya mwanamke. Anayezaa wawili siku hizi anaweza kufikisha 400. Kwa hiyo bibi wa Sikonge aliyezaa saba na kuwanyonyesha wote huenda aliipata hedhi mara chache kuliko atakavyoipata maishani mjukuu wake anayesoma sekondari Tabora mjini. Shule ikimwambia binti huyo kwamba maumivu ya hedhi ni jambo la asili, ajibu kwamba asili haikupanga mara 400.

Maombi ni bure. Baada ya kukubaliwa, gharama ni za mwombaji. Sange na sokwe hawana cha kununua. Binadamu ananunua taulo za kike. Kenya iliziondolea VAT mwaka 2004. Tanzania iliiondoa katika bajeti ya 2018, na mwaka uliofuata ikairudisha, asilimia 18, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Mfanyabiashara alikosea, binti akaadhibiwa. Bunge linakaa Dodoma, katika Ugogo uleule uliokuwa ukitoza misafara hongo, na wabunge wa Tabora hupita njia hiyo kila kikao. Wanaombwa walizungumze hilo wakifika.