Twende Kilioni Kwenye Barafu

Kocha aliandika maneno machache tu: siku ya mashindano nywele zifungwe kisogoni, zisimfunike mtoto uso, na kisidondoke kitu. Akina mama wengine wa hapa Minnesota waliyasoma wakaendelea na kahawa zao. Mimi niliyasoma mara tatu, nikamtazama binti yangu wa miaka tisa na nywele zake za kipilipili, urefu wa kidole, nikajua kazi ipo.

Kuteleza kwenye barafu si mchezo wa kuonea nywele huruma. Mtoto anazunguka kama pia: anaanza ametanua mikono, kisha anaikunja kifuani, na hapo kasi inapanda ghafla. Chochote ambacho hakijashikwa sawasawa kinaaga. Na pini moja tu ikibaki kwenye barafu, chuma cha kiatu kikaikanyaga, mtu anakwenda chini kama gunia. Ndiyo maana kwenye mashindano ya kimataifa pambo au kipande cha vazi kikidondoka unakatwa pointi 1, ulie usilie.

Tulianza na rasta ndefu zenye shanga. Zilimpendeza mno, akiwa amesimama sebuleni. Kwenye mazoezi, alipoanza tu kuzunguka, kila shanga ikageuka rungu. Moja ilimpata mwenyewe mdomoni. Nyingine ikamchapa kocha shavuni, naye akashika shavu na kuniambia rangi zake ni nzuri sana. Watu wa Minnesota ndivyo walivyo. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

Nikashauri tunyoe. Mimi nimekulia Tanga, shuleni tulinyolewa wote na hakuna aliyekufa. Nikamwonyesha na picha ya Dorothy Hamill, Mmarekani aliyechukua dhahabu Innsbruck mwaka 1976 na nywele zake fupi, hata wanawake wakakimbilia saluni kudai mkato uleule. Mtoto akaitazama picha, akanitazama mimi, machozi yakaanza kujikusanya. Yeye mtu wake ni Surya Bonaly, yule Mfaransa aliyejipindua kinyumenyume kule Nagano mwaka 1998 na kutua kwa mguu mmoja, sheria ikiwa imekataza kabisa. Video ile tumeitazama mpaka simu ikachemka. Binti anaangalia miguu. Mimi naangalia kisogo: huyu walimbana na nini?

Basi mama mmoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo akanionea huruma, akanipa kiduara cha sponji, mfano wa donati. Unakivingirishia nywele, kifundo kinakaa duara kama cha malkia. Nywele za kuvingirisha hatuna, nikanunua za bandia. Usiku wa kuamkia mashindano nikaunda kifundo cha ukubwa wa chungwa, nikakivalisha neti, na asubuhi nikakibandika kisogoni kwa pini 22, kisha nikapuliza spree mpaka king'ora cha moshi kikalia. Nilikitikisa kile kifundo kwa mkono. Chuma! Sikujua kwamba pini zote 22 zilikuwa zimekishika kifundo barabara, ila hapakuwa na hata moja iliyomshika mtoto.

Kiliondoka kwenye mzunguko wa pili. Sisemi kilidondoka, kiliondoka, kama mtu mwenye shughuli zake. Kikateleza na neti yake, taratibu, kikaenda kusimama mbele ya meza ya majaji. Nyuma yangu bibi mmoja akapiga ukelele kwamba ni panya. Jaji mmoja akanyanyua miguu. Mwanangu, Mungu ambariki, hakusimama. Alikipita mara mbili kwa mbali, muziki ulipokwisha akakifuata, akakiokota, akainama kutoa heshima akiwa amekikumbatia kwapani kama golikipa. Alishika nafasi ya sita. Walikuwa sita.

Safari ya pili nikasema sitaki tena ushauri wa mtu. Nikamkalisha sakafuni, kichwa katikati ya magoti yangu, nikashika kichana, nikasuka twende kilioni. Kule kwetu ni msuko wa dharura. Taarifa ikija, unasukwa haraka usiende kuaibika mbele za watu. Mistari ikatoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, miisho nikaikunja ndani na kuishona kwa sindano na uzi. Pini hata moja hakuna. Nilivuta, sikatai. Nikajisikia nikisema maneno yote ya mama yangu niliyoapa kwamba kinywa changu hakitayasema: "Tulia! Hiki kichwa au mpira?" Asubuhi nyusi za mtoto zilikuwa zimepanda juu, akawa na uso wa mtu aliyeshtuliwa na habari. Akavaa gauni jeusi alilolichagua mwenyewe, tukaenda.

Nywele hazikutikisika. Upepo wa kusi usingezitikisa. Aliyeanguka ni mtoto, mara tatu, na mara ya tatu akabaki pale chini kidogo kama anayetafakari maisha. Alipotoka alilia kifuani kwangu, nami kwa uchungu wa kumwona hivyo nikajikuta nalia pia. Mama yule wa donati akatupiga picha. Nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp bila kuandika neno: mjukuu ndani ya gauni jeusi, kichwani twende kilioni, macho mekundu, mama yake anafuta kamasi.

Ilikuwa saa tisa alasiri kwetu. Tanga, saa sita usiku. Simu ikaita palepale.

"Shikamoo mama."

Marahaba haikuja. Nilisikia anavuta pumzi, na nyuma yake sauti za majirani ambao tayari alikuwa amewaamsha.

"Mwanangu," akasema, "nimeshakaa chini. Niambie tu. Ni nani?"