Jinsi ya Kuzeeka na Albamu Moja ya Singeli

Ipate mapema, ukiwa na miaka 15 au 16, kabla kodi ya nyumba haijaufundisha mwili wako kukaa kitako. Albamu yenyewe ni Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 na kupikwa Mburahati, Dar es Salaam. Mtayarishaji Bamba Pana yumo, na mwaka uliofuata alitoa Poaa, ambayo nayo ni halali kuipenda. Lakini mke mkubwa abaki mkubwa.

Kama unaishi Kibaha, isikilize kwa sabufa, mchana, mlango wazi. Singeli hukimbia kati ya midundo 200 na 300 kwa dakika, kwa hiyo mzazi atauliza kama simu imeharibika. Jibu kwa adabu: "Hapana mama, ndiyo mwendo wake." Usipunguze kasi ili kumridhisha mtu. Kamwe usiifanye mlio wa kukuamsha alfajiri; mapenzi mengi yamefia hapo.

Sasa safari. Panda gari Maili Moja hadi Mbezi, ubadilishe kwenda Gongo la Mboto, kisha upite vilima vya Pugu uingie Kisarawe. Huku ndiko Uzaramoni, na albamu yako ina wazee wake huku. Mtafute bibi aliyewahi kuufuata mdundiko, ngoma ya Wazaramo, mtaa kwa mtaa. Toa shikamoo kwanza, uulizie na afya yake, ndipo umwekee wimbo. Mwombe asikilize ngoma, aachane na vile vinanda vinavyolia juu. Bega likimcheza, umefika.

Atakayekuambia kelele hizi zimeletwa na kompyuta, mkalishe chini umpe nasaba. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, vijana wa uswahilini Dar wakipiga ngoma pamoja na vinanda vidogo vya Casio. Jagwa Music wameufanya tangu miaka ya 1990, na albamu yao ya Bongo Hotheads ilitoka 2012. Kompyuta iliikuta ngoma inakimbia, ikaiongezea mafuta. Mimi naona hapo ndipo penye siri ya kuipenda hadi uzeeni: ujana wako utapita, lakini ngoma hiyo ilikuwapo kabla ya ujana wako.

Ukishapata wapwa, subiri wafikishe miaka 15. Wape simu yenye chaji ya kutosha, uwakataze kuruka hata wimbo mmoja.